Maswali ya Wasomaji: Pigano Moja, Majina Mawili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi. Mwaka huu ninawafundisha wanafunzi wangu wakubwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vile vya 1861 hadi 1865, na ninawatafsiria kurasa kadhaa kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza chao bado ni kidogo. Kamusi ya kawaida imenifikisha nusu ya njia tu. Nimekuta pigano moja lina majina mawili, nimekuta Jeshi la Tennessee likipigana na Jeshi la Tennessee, na nimekuta watu walioitwa magendo. Je, vipo vitabu vya rejea vinavyoeleza lugha ya vita hivyo, na nivisome vipi?
Mama Mwalimu, komini ya Katuba

JIBU: Mama Mwalimu, pokea heshima zetu. Vitabu vipo, tena vingi, lakini naomba kwanza tukae kidogo juu ya hayo matatu uliyoyakuta, kwa kuwa ndiyo yatakayokuonyesha vitabu hivyo ni vya kazi gani.

Pigano lenye majina mawili si kosa la mchapaji. Majeshi ya Kaskazini, yaani ya serikali ya Muungano, yalizoea kulipa pigano jina la mto au kijito kilicho karibu, na majeshi ya Kusini, ya majimbo yaliyojitenga, yalilipa jina la mji. Kwa hiyo Bull Run ya Kaskazini ndiyo Manassas ya Kusini, na pigano la tarehe 17 Septemba 1862 katika jimbo la Maryland ni Antietam kwa hawa na Sharpsburg kwa wale. Desturi hiyo haikushikwa kila mara: pigano la Aprili 1862 huko Tennessee watu wa Kusini waliliita Shiloh, jina la kanisa dogo lililokuwa hapo uwanjani, na safari hiyo jina lao ndilo lililobaki kwa pande zote mbili. Kitabu kinachoandika Sharpsburg daima, bila kutaja Antietam hata mara moja, kimekwisha kukueleza jambo kuhusu mwandishi wake.

Kuhusu Jeshi la Tennessee, Kiingereza huyatofautisha majeshi hayo mawili kwa kineno kimoja kidogo, the, ambacho Kiswahili hakina, na ndiyo maana yamekuchanganya. Jeshi la Kaskazini lilipewa jina la mto Tennessee, na la Kusini lilipewa jina la jimbo la Tennessee. Wanafunzi wako wataelewa mara moja ukiwakumbusha kwamba Lualaba ni mto na Lualaba ni jimbo. Andika basi Jeshi la Mto Tennessee na Jeshi la Jimbo la Tennessee, wala usiogope urefu, maana tarehe 22 Julai 1864 majeshi hayo yalikutana uso kwa uso nje ya Atlanta, na Jenerali James McPherson, mkuu wa lile la mto, aliuawa siku hiyo. Asiyeyatenganisha hawezi kujua ni nani aliyempoteza jemadari wake.

Neno la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwezi Mei 1861 watumwa watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, waliokuwa wamepelekwa kuyajengea majeshi ya Kusini ngome ya mizinga, walitoroka kwa mashua usiku wakaingia Fort Monroe, ngome ya Muungano katika pwani ya Virginia. Afisa wa Kusini alikuja na bendera nyeupe kuwadai kwa sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka. Jenerali Benjamin Butler, ambaye alikuwa mwanasheria kabla ya kuvaa sare, alimjibu kwamba Virginia imedai kuwa nchi ya kigeni, kwa hiyo haiwezi kujikinga kwa sheria ya nchi iliyoikana. Na kwa kuwa watu hao walitumiwa kwa kazi ya vita, yeye anawashika kama anavyoishika mali yoyote inayomsaidia adui. Tangu siku hizo neno la mali ya magendo likawa jina la maelfu ya watu waliokimbilia mistari ya Muungano. Neno hilo liliwafungulia mlango wa uhuru, na papo hapo liliendelea kuwaita mali. Ukiandika magendo tu, mwanafunzi wa Lubumbashi atafikiria magunia yanayovushwa usiku mpakani Kasumbalesa. Mimi ningeandika watumwa waliotwaliwa kama mali ya adui, kisha katika sentensi moja nieleze hoja ya Butler.

Liko na neno ambalo hukuliuliza, na linapotosha zaidi kwa sababu linaonekana jepesi. Wenye watumwa wa Kusini walipenda kuandika mtumishi walipomaanisha mtumwa. Kwetu maneno hayo ni ndugu, yote yametoka katika kutuma, na mfasiri mwenye haraka anaweza kulipitisha moja mahali pa jingine bila kujua. Lakini eneo letu liliona misafara iliyotoka Bunkeya zama za mfalme Msiri ikiwa na pembe za ndovu, shaba na watu. Tunajua tofauti ya anayetumika na anayeuzwa. Ukiona mtumishi katika barua ya mwenye shamba la pamba ya mwaka 1860, rudi nyuma uhakikishe ni nani anayesemwa, na akiwa ni mtumwa, mwite mtumwa.

Sasa vitabu. Kwa maneno yenyewe, pamoja na misimu ya askari, chakula, silaha na majina ya utani, tafuta The Encyclopedia of Civil War Usage ya Webb Garrison, iliyotoka 2001. Kwa majemadari, vikosi na mapigano, The Civil War Dictionary ya Mark Boatner ya 1959 bado inafaa, ingawa ni kazi ya mwanajeshi na inawapa maafisa nafasi kubwa kuliko watumwa. Kwa tarehe, E. B. Long alitoa mwaka 1971 kitabu kinachofuata vita hivyo siku baada ya siku, na kwa upana wa mambo iko ensaiklopidia ya David na Jeanne Heidler ya mwaka 2000, yenye majuzuu 5. Chini ya vyote hivyo kuna hazina yenyewe: taarifa, amri na barua za majeshi yote mawili, zilizochapishwa na serikali ya Marekani kati ya 1880 na 1901 katika vitabu 128, ambavyo leo vinasomwa bure kwenye intaneti. Hapo utaikuta sauti ya Kusini na ya Kaskazini, lakini jina la mkusanyo wote lilichaguliwa na aliyeshinda: unaitwa Vita vya Uasi.

Hilo linanirudisha kwenye jina la vita. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tuliviita guerre de Sécession, yaani vita vya kujitenga, na wengi wa Kusini walivipenda viitwe Vita baina ya Majimbo. Katika mji huu neno la kujitenga lina kumbukumbu yake, tangu tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe alipotangaza kwamba jimbo la Katanga limejitenga na Kongo, hadi kujitenga huko kulipokwisha Januari 1963, na mtoto aliyelisikia kwa babu yake ataleta darasani maana ya nyumbani. Kwa hiyo katika kichwa cha somo weka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na kujitenga kueleze ndani kama tendo lililotangulia vita, ukiongeza sababu yake kwa maneno ya waliojitenga wenyewe: tamko la Mississippi la Januari 1861 linasema waziwazi kwamba msimamo wa jimbo hilo umefungamana na utumwa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa tafsiri. Kitabu kimoja kinasema vita hivyo viliua watu 620,000, kingine 750,000. Tena nimesoma kwamba Antietam peke yake ilikuwa na watu 23,000, nami nikaandika waliokufa. Nimekosea?
Msomaji, komini ya Kampemba

JIBU: Kuhusu Antietam, ndiyo, umekosea, na kosa hilo ni la wengi. Neno la Kiingereza linalotumika hapo, casualties, huhesabu pamoja waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea. Waliouawa siku ile walikuwa takriban 3,600. Andika walioondolewa vitani, au uwataje wote kwa mafungu yao.

Hesabu ya 620,000 ilijengwa juu ya kazi za William Fox na Thomas Livermore, wanajeshi wa zamani wa Muungano walioandika mwishoni mwa karne ya 19, na kwa upande wa Kusini walifanya kazi na kumbukumbu zilizokuwa na mapengo mengi. Mwaka 2011 mwanahistoria J. David Hacker alilinganisha sensa za kabla na baada ya vita ili kuona ni wanaume wangapi waliokosekana, akapata makadirio ya 750,000, yakiwa na nafasi ya kupungua hadi 650,000 au kupanda hadi 850,000. Vitabu vya Boatner na Long vilitangulia hesabu hiyo, hivyo haviwezi kuwa nayo. Katika tafsiri yako acha nambari ya mwandishi unayemfasiri kama ilivyo, kisha weka chini ya ukurasa mwaka wa kitabu chake na makadirio ya 2011. Ongeza pia kwamba karibu theluthi mbili ya askari hao waliuawa na maradhi, hasa kuhara na homa ya matumbo, kwa maana msomaji wako atakuwa amewaza risasi tu.