Maiki ya kubandika na sauti nyembamba: tunarekodije muziki usiopangwa?

SWALI: Fundi, shikamoo. Sisi ni vijana watano hapa Mtwara. Tunapiga muziki wa papo kwa papo, hakuna wimbo uliopangwa. Tuna ngoma, ilimba (marimba ya vidole), zeze, pipa tupu, kopo la maganda ya korosho, redio ndogo inayokamata stesheni za Msumbiji, na kompyuta ya kubadilisha sauti palepale. Kwenye ilimba na zeze tumebandika visahani vya piezo (vinageuza mtetemo kuwa umeme), tukachomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki la kompyuta. Sauti inatoka kama nyuki ndani ya chupa, tena kuna mngurumo. Ngoma zikianza, ilimba haisikiki kabisa. Chumba ni cha bati, hakina dari. Tufanyeje?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Marahaba. Tuanze na kisahani, maana hapo ndipo sauti inapopotelea. Kisahani cha piezo cha milimita 27 kinafanya kazi kama kapasita (kifaa kinachotunza chaji ya umeme) ya nanofaradi 20 hivi, na tundu la maiki la kompyuta mara nyingi lina ukinzani wa kilo-omu chache tu. Ukiunganisha viwili hivyo umeunda chujio bila kukusudia. Kwa kilo-omu 2, sauti zinaanza kuporomoka kuanzia hezi 4,000 (mitetemo kwa sekunde) kushuka chini, na noti za ilimba karibu zote zimo humo. Kisahani hicho hicho kikikuta ukinzani wa megaomu 1, chujio linashuka hadi hezi 8, ambazo sikio halizisikii. Kwa hiyo msihangaike kununua kisahani kingine. Tafuteni saundi kadi yenye tundu la gitaa, lile lenye kitufe kilichoandikwa INST, au mpeni fundi redio awatengenezee kipaza kidogo cha transista ya JFET na betri ya volti 9, resista ya megaomu 1 ikitoka kwenye geti (mguu wa transista unaopokea sauti) kwenda athi.

Mngurumo ni umeme wa ukutani, hezi 50. Chomoeni chaja, kompyuta itumie betri yake. Mngurumo ukikatika, mwizi mmemjua. Ukibaki, funikeni kisahani kwa utepe wa plastiki, juu yake karatasi ya alumini iliyoungwa na athi ya waya, na waya wenyewe uwe mfupi, wenye wavu. Msikate athi ya plagi hata mkiambiwa na nani: mngurumo utaondoka, na kinga yenu itaondoka nao.

Redio ni jambo jingine. Ikisogezwa karibu na kompyuta itakoroma, lakini huo mkoromo ni wenu kuutumia. Keith Rowe wa AMM, kundi la muziki wa papo kwa papo lililoanza London mwaka 1965, alikuwa akifungua redio katikati ya onyesho na kupokea chochote kilichokuwa hewani. Na maganda ya korosho, hakikisheni yamekaangwa yakatoa mafuta. Ganda bichi linachubua ngozi, nanyi mnalishika kwa vidole vile vile vinavyopiga ilimba.

Sasa ngoma na ilimba. Wengi watawashauri mrekodi mmoja mmoja halafu mpandanishe. Kwa taarabu au bongo fleva, sawa. Kwa muziki wenu ni kuuharibu, kwa sababu mpiga zeze anajibu alichokisikia sekunde ile ile. Kaeni pamoja, msawazishe sauti kwa viti. Ngoma na pipa zikae mwisho wa chumba. Ilimba iwekewe maiki ya mwelekeo mmoja sentimita 15 kutoka kwenye vyuma, mgongo wa maiki ukizielekea ngoma, kwa kuwa maiki hiyo ni kiziwi upande wa nyuma. Kisahani kitaongezea kile ambacho maiki imekikosa. Mngʼaro wa vishaufu vya ilimba (vipete vinavyotetema) msiuchuje. Ndiyo sauti yake. Bati litapigia mwangwi, basi ning'inizeni mablanketi na magodoro, nanyi mrekodi siku isiyo na mvua.

Kompyuta irekodiwe mara mbili: kwa waya, na kwa spika yake pale chumbani. Wenzenu wanaitikia spika, hawausikii waya. Mkibaki na njia ya waya peke yake, muziki wa kompyuta utasikika umekaa nje ya nyumba, na majibu ya wengine yatakosa maana. Katikati ya duara wekeni maiki mbili zilizoachana sentimita 17, zikifungua pembe ya digrii 110, mtindo wa redio ya Ufaransa. Hizo ndizo rekodi kuu. Nyingine zote ni za kuongezea.

Rekodini kwa biti 24, vilele vya sauti visipite desibeli 12 chini ya kikomo cha kinasa, kwa sababu hamjui pipa litapigwa lini. Mkiongeza simu kama kinasa cha ziada, pigeni kofi moja mwanzo na jingine mwisho. Saa za vifaa viwili zikitofautiana sehemu 20 kwa milioni tu, baada ya saa nzima vimeachana milisekunde 72, na ngoma itasikika ikipigwa mara mbili. Makofi hayo mawili yatawaonyesha mvute faili kiasi gani.