Baito Japani: msosi utapata, ada usiitegemee

Wakuu habari za siku. Inbox imejaa tena. Kila Aprili na Oktoba zikikaribia, maana ndo shule nyingi za lugha zinapokea watu, zinaanza meseji zilezile, kaka kazi huko zinapatikana, kaka ni kweli mtu anajilipia ada mwenyewe, afu kuna mmoja hata salamu hakutoa kaandika tu "mchongo?". Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naweka hapa mara moja, ukiniuliza tena nakutumia linki.

Jibu fupi: kazi zipo, tena nyingi, ukitembea mtaani utaona matangazo yamebandikwa milangoni mwa maduka. Ila ada itoke sehemu nyingine.

Mi nilikuja Tokyo Aprili 2023 kusoma Kijapani, naanzia sifuri kabisa. Wakala aliyenishughulikia pale Dar alimwambia mzee wangu kwa kujiamini kabisa kwamba nyie lipeni mwaka wa kwanza tu, kijana akifika anafanya baito, yaani kazi za masaa, mwaka wa pili anajilipia mwenyewe na nyumbani anatuma. Mzee akauza kipande cha shamba la machungwa Muheza. Yule wakala kuhusu kazi hakudanganya, nampa haki yake, alidanganya kwenye hesabu.

Hesabu yenyewe hii. Viza ya mwanafunzi peke yake haikuruhusu kufanya kazi hata ya kufagia. Unaomba kibali kinaitwa shikakugai katsudo kyoka (ulimi utazoea), ukikipata unaruhusiwa masaa 28 kwa wiki. Sio 28 kwa kila kazi, ni 28 ukijumlisha kazi zako zote. Na wiki yao haina pa kuanzia, wanaweza kuhesabu siku 7 kuanzia siku yoyote, kwa hiyo ule ujanja wa kulundika masaa mwisho wa wiki hii na mwanzo wa wiki ijayo utakutokea puani. Likizo ndefu za shule ndo unaruhusiwa mpaka masaa 8 kwa siku. Kima cha chini kila mkoa una chake, Tokyo nilipofika kilikuwa yeni 1,072 kwa saa, Oktoba 2024 kikawa 1,163, Oktoba 2025 kikafika 1,226. Chukua hiyo ya juu kabisa, zidisha 28, zidisha wiki 4, unapata kama 137,000. Huo ni mwezi ambao hukuumwa, hukuwa na mtihani na bosi alikupa masaa yote, na mwezi wa namna hiyo mwaka wangu wa kwanza niliupata mara mbili tu. Haya toa chumba, toa bima ya afya, simu, treni, msosi. Ada ya shule ya lugha kwa mwaka inacheza kwenye laki 7 mpaka 8 za yeni. Fungua kikokotoo kwenye simu umalizie mwenyewe.

Nimeanza na hili makusudi kwa sababu watu wanaopata matatizo huku wengi sio wavivu, ni wale waliokuja na hesabu ya wakala, ada ikikaribia wanaanza kupiga masaa 40, 45, kazi mbili tatu, wanadhani hakuna anayeona. Wanaona. Mwajiri anatakiwa kuripoti serikalini kwamba kaajiri mgeni, na siku unaenda kuongeza viza au kuibadili iwe ya kazi wanaweza kukuomba karatasi za kodi za manispaa, pale mapato yako ya mwaka mzima yamelala meupe. Nimeshuhudia mtu aliyekuwa anaongea Kijapani kuliko mimi mara kumi akirudishwa kwao kwa ajili hiyo.

Hicho kibali usisubiri ufike mtaani ndo uombe. Kwenye viwanja vikubwa vya ndege kama Narita na Haneda, palepale unapopewa kadi ya ukaazi, unajaza fomu ya karatasi moja na unapigwa muhuri nyuma ya kadi, bure, umemaliza. Mi nilikuwa nimechoka na safari nikapita moja kwa moja, nikaja kupanga foleni uhamiaji Shinagawa na kusubiri wiki kadhaa huku hela ya mfukoni inaisha. Pita na kalamu yako, ya kuazima kwenye foleni haipo. Na kama unakuja na viza ya utalii, sahau, hakuna kazi hapo. Hii ya working holiday mnayoiona mitandaoni nayo pasi zetu, iwe ya Tanzania au Kenya, hazimo.

Sasa kutafuta. Wiki sita za mwanzo nilikuwa naomba kwenye aplikesheni za baito usiku kucha, Indeed, Townwork, natumia programu ya kutafsiri, sipati kitu. Nilikuwa sina hata N5, ambao ndo mtihani wa chini kabisa wa lugha. Aliyenitoa ni Mnepali tuliyekuwa tunakaa dawati moja, akaniuliza umepiga simu ngapi, nikasema sijapiga, akacheka. Akaniandikia kwenye daftari sentensi kwa herufi zetu hizi: "Baito no boshu o mimashita. Mada boshu shite imasu ka?" Yaani nimeona tangazo la kazi, bado mnatafuta watu? Nikaenda kukaa kwenye benchi la bustani karibu na shule, nimeshika daftari mkono unatetemeka, nikapiga simu 11 siku hiyo. Nne walikata nilipokwama. Watano wakasema "chotto muzukashii desu ne". Tafsiri yake ni "ni ngumu kidogo" na mi nikawa nafurahi kwamba ni kidogo tu, nikasubiri wanipigie, kumbe hiyo ndo hapana yao. Ni kama mtu wa kwetu Tanga akikwambia inshallah tutaona, ushajua.

Usipige saa sita mchana migahawa imefurika. Piga kama saa nane au saa tisa alasiri, kumetulia.

Kazi ya kwanza nikapata kupitia kampuni ya kusambaza vibarua, huyohuyo Mnepali alikuwa na binamu yake mule. Hili mlishike, koneksheni za huku ni Wanepali na Wavietnam, wamejaa kwenye hizi kazi, ukiwaheshimu na ukila nao wanakuvuta. Kiwanda cha bento, vile vyakula vya kwenye boksi vinavyouzwa madukani. Basi linatuchukua stesheni saa tatu usiku. Unavaa nguo nyeupe mwili mzima mpaka yanabaki macho, unajipitishia kile kiroli cha gundi begani, mgongoni, kwapani, kutoa nywele, unanawa mpaka kwenye kiwiko, afu unasimama kwenye mkanda unaotembea. Kazi yangu mwezi wa kwanza ilikuwa kuweka kipande kimoja cha karoti. Kimoja. Upande wa kushoto wa wali, kinalala sio kinasimama. Masaa saba, baridi ya friji, hakuna anayeongea. Nilikuwa nikifumba macho kitandani naona karoti zinapita. Bongo tunaita kubeba boksi, mi boksi nilikuwa nalijaza.

Faida yake lugha haihitajiki na usiku kuanzia saa nne mpaka saa kumi na moja alfajiri sheria inataka uongezewe asilimia 25. Hasara ni kwamba nilikuwa nalala darasani, mahudhurio yakashuka, na mahudhurio huku sio mchezo, yakishuka sana viza haiongezwi. Kitu kingine, tulikuwa tunatakiwa kufika robo saa kabla kuvaa na kujipiga kiroli, hiyo robo saa hailipwi. Nikaja kujua baadaye kwamba kuvaa sare unayolazimishwa na mwajiri ni muda wa kazi, na kuna ofisi inaitwa Rodo Kijun Kantokusho ya kulalamikia mambo kama hayo. Sikwenda. Nilikuwa mgeni, naogopa. Ila wewe toka siku ya kwanza piga picha kadi yako ya masaa kila wiki, na dai karatasi ya masharti ya kazi, ni lazima kisheria wakupe kwa maandishi. Bosi akikwambia atakukata hela ya sahani uliyovunja, hiyo pia haruhusiwi kujikatia tu kwenye mshahara.

Baada ya miezi nane nikahamia konbini, yale maduka madogo ya masaa 24. Hii ndo kazi ninayowashauri mkishajua lugha kidogo. Niliipata kwa tangazo la mlangoni, dakika 7 kwa baiskeli kutoka ninapokaa. Na hapa kuna siri ambayo nilichelewa kuijua. Kwenye ile fomu ya wasifu, rirekisho, unainunua hata duka la yeni 100, kuna kiboksi cha muda wa kufika kazini. Meneja wa duka, wanamwita tencho, alisoma hicho kabla ya jina langu. Mtu wa karibu hakosi treni, kimvua kikinyesha anafika, mwenzake akiumwa ghafla unampigia simu anakuja. Kwa hiyo usianze na kazi nzuri za katikati ya jiji kama Shibuya, zunguka kwanza nyumbani kwako kwa miguu. Fomu jaza kwa kalamu nyeusi, ukikosea usifute, chukua karatasi nyingine (mi niliharibu nne), picha ni ya sentimita 4 kwa 3, vibanda viko nje ya stesheni.

Kwenye intavyuu fika dakika tano au kumi kabla, sio nusu saa, nusu saa kabla ni usumbufu. Atatoa kopi ya kadi yako mbele na nyuma. Afu atakuuliza siku gani unaweza, na swali ninalowaombea mliulizwe ni hili: mwaka mpya upo? Wanafunzi wa Kijapani mwaka mpya wanaenda kwao, katikati ya Agosti wakati wa sikukuu ya Obon hivyohivyo, na ile wiki ya sikukuu mwishoni mwa Aprili. Wewe kwenu ni Muheza, unaenda wapi? Nilivyosema nipo tarehe 31 na tarehe 1 yule mzee alifunga fomu akaniuliza saizi ya shati.

Msidhani konbini ni kuskani bidhaa tu. Unapokea bili za umeme, unapokea mizigo ya kusafirisha, unakaanga kuku, unauliza chakula upashe moto, unauza mifuko. Na sigara. Sigara zimepangwa nyuma yako kwa namba, mteja anataja namba tu, na kwa Kijapani moja ni ichi, saba ni shichi, nane ni hachi, sasa mtu kavaa barakoa anatamka kwa puani, we utajuaje? Wiki ya kwanza kuna babu alikuwa anakuja saa moja kamili asubuhi, anasema juu-ichi, 11, mi nampa 17. Siku ya kwanza alirudisha. Siku ya pili alirudisha. Siku ya tatu akaja kasimama, akanyoosha kidole kimoja cha mkono wa kulia na kimoja cha kushoto, kama magoli. Toka hapo nilikuwa nikimwona anashuka kwenye baiskeli naitoa kabisa naiweka kaunta.

Mambo ya haraka haraka. Usifanye kazi baa za wahudumu wa kike, snack (vibaa vidogo vya namna hiyohiyo), pachinko (kumbi za mashine za kubahatisha), hata kama ni kuosha vyombo tu jikoni, kibali cha mwanafunzi kinakataza hizo sehemu, na ndo sehemu zinazoahidi hela nono. Ingia kazini hata saa nne usiku unasema "ohayo gozaimasu", habari za asubuhi, usibishane nao. Mshahara wa kwanza unachelewa, wengi wanafunga hesabu mwisho wa mwezi na kulipa mwezi unaofuata, mi nilianza kazi mapema mwezi wa 6 nikalipwa tarehe 25 mwezi wa 7, kwa hiyo njoo na hela ya kula ya miezi mitatu kamili, na mfuko huo usiuguse kwa jaketi. Nauli ya kwenda kazini uliza kama wanarudisha, wengi wanarudisha. Ukitaka kuacha, toa taarifa mwezi mmoja kabla, usizime simu ukapotea, tencho wa mtaa mmoja wanajuana.

Juzi mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kanipigia video. Wakala yuleyule, ofisi kahamisha tu. "Shikamoo kaka, eti nikifika natafuta ya mwaka wa pili mwenyewe?" Sikumjibu, nikampiga picha karatasi yangu ya mshahara wa mwezi uliopita, juu imeandikwa masaa, chini kabisa kilichobaki, nikamtumia na risiti ya kodi ya chumba. Akanyamaza muda, nasikia kuku tu nyuma huko. Afu akasema Aprili haendi, atasubiri mpaka Oktoba, kwanza anajaza fomu za ufadhili wa ubalozi, na anakwenda kumwambia babu lile shamba lililobaki lisiuzwe.