Mizani ni nane nane, mbona ubeti wa pili unagoma?

SWALI: Mimi ni muuguzi mstaafu, nina miaka 63, naishi Mikindani, Mtwara. Maisha yangu yote nimeimba kwaya, lakini nyimbo za wengine. Sasa natunga zangu, na wa kwanza ni kuhusu zamu za usiku wodi ya wazazi. Ubeti wa kwanza unaanza "Usiku wote nakesha", unakaa vizuri. Wa pili, "Kitandani mama yupo", unagoma ingawa nimehesabu mizani, yaani silabi za mstari, na zimetimia nane. Halafu noti za juu siku hizi sauti inakatika. Je, nimechelewa?

JIBU: Shikamoo mama, na hongera kwa kuanza.

Hesabu yako ni sahihi. Kinachogombana ni mkazo. Kiswahili hutilia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na sikio la msikilizaji linautafuta mkazo huo kwenye pigo zito la wimbo. Imba taratibu huku ukipiga meza: u-SI-ku WO-te na-KE-sha. Mapigo yameangukia silabi ya 2, ya 4 na ya 7. Sasa wa pili: ki-ta-NDA-ni MA-ma YU-po. Mkazo uko kwenye silabi ya 3, ya 5 na ya 7. Ukiulazimisha kwenye tuni ileile, unajikuta unaimba "kiTAndaNI", na hakuna mtu Mtwara nzima anayetamka hivyo. Ndiyo maana kuongeza "-ni" kunawasumbua watunzi wengi: kitanda mkazo uko "ta", kitandani umehamia "nda". Bahari na baharini ni vivyo hivyo.

Njia ya kwanza ni kubadili maneno. Jaribu "Wodini mama kalala": wo-DI-ni MA-ma ka-LA-la. Mkazo 2, 4, 7, sawasawa na ubeti wa kwanza. Njia ya pili ni kuyaacha maneno yako na kuigusa tuni kidogo: "ki-ta" uziimbe haraka mahali ulipokuwa unaimba "u" peke yake, ili "nda" itue kwenye pigo; kisha silabi ya mwisho ya "mama" uivute ijaze nafasi ya "te-na". Mimi ningechagua hii ya pili. Ile haraka mwanzoni inafanana na hatua za muuguzi anayekimbilia kitanda, na wewe unazijua hatua hizo kuliko mtunzi yeyote.

Kuhusu sauti, usijilazimishe. Wanawake wengi sauti hushuka kidogo baada ya hedhi kukoma, na kupigania noti za ujanani kunaumiza koo bure. Nota za do-re-mi mnazotumia kwayani zina faida moja kubwa hapa: "do" inahamishika. Kama wimbo ulianzia G, anzia E au D, chini zaidi. Nota ulizoandika zinabaki zilezile. Angalia pia silabi gani umeiweka juu. "A" na "o" hufungua kinywa, "i" na "u" hukibana. Na "m" ya mtu au mtoto ni mzani kamili, lakini midomo imefungwa, kwa hiyo usiipe noti ndefu ya juu kamwe.

Umeuliza kama umechelewa. Kusini huku nyimbo za unyago zimeshikwa na akina mama watu wazima tangu zamani, na hakuna anayeona ajabu. Umri huo ndio umekupa wimbo. Binti wa miaka 20 anaweza kuwa na koo kukuzidi, lakini hajawahi kusubiri kilio cha kwanza cha mtoto saa tisa usiku huku mama anakutazama usoni. Nimefundisha wastaafu kadhaa, na ninaloliona kwao ni furaha tofauti na ya kuimba vizuri wimbo wa mwingine: ni ile ya neno lililokusumbua wiki nzima kukaa mahali pake ghafla, ukiwa unapepeta mchele. Furaha hiyo inatokana na kuhangaika kwenyewe, kwa hiyo usikimbilie kumpa kijana wa studio akumalizie ubeti.

Tuni ikikujia, irekodi kwenye simu papo hapo, hata kwa kuiguna tu, kesho huikumbuki. Mkifika kwenye kiitikio, kifanye kifupi, maneno matatu manne, ili wajukuu na wanakwaya wakidake mara ya pili tu.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, wimbo ni wako tangu unapoutunga, hata kabla ya kuusajili. Hata hivyo usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ni ushahidi mzuri, hasa kama kwaya itaurekodi. Andika jina lako na tarehe juu ya kila karatasi ya nota kabla hujawagawia waimbaji.