Bibi unayetaka kumchukua mjukuu shuleni Ijumaa, soma hapa kwanza

USIENDE. Mwambie bodaboda uliyepanga naye safari haipo, ndipo uendelee kusoma.

Nimesoma maelezo yako mpaka chai imepoa. Binti yako kafariki, mkwe kaoa, kaja kumchukua mjukuu uliyemlea tangu ananyonya, na sasa simu zako hapokei. Halafu kuna "mtu anayejua sheria" kakushauri umchukue mtoto shuleni, umfiche kwa dada yako Singida, kesi ufungue ukiwa naye mkononi. Mwenzangu, ushauri huo huo mimi niliununua. Pesa taslimu, bila risiti.

Wangu alikuwa anakaa chini ya mwarobaini nje ya mahakama, kalamu tatu mfukoni, bahasha za kaki kwapani. Wapita njia wanamwita mheshimiwa, basi nami nikaingia mkenge. "Mama, mtoto akiwa kwako umeshashinda nusu ya kesi. Mwache yeye ndiye ahangaike." Kumbe kishoka tu, uwakili anausikia kwa majirani. Siku nilipomhitaji, namba yake haipatikani. Mpaka leo nikipita pale namtafuta kwa macho, na siyo kwa ajili ya salamu.

Basi nikaenda. Nilimkuta mjukuu wangu kwenye foleni ya uji, akanirukia na kikombe chake, uji wote ukaishia kwenye kitenge changu. Mwalimu wa zamu alikuwa ananifahamu, hakuuliza kitu. Nikajiona komandoo, na magoti yangu haya! Jioni ile ile baba mtu alikuwa kituoni. Kesho yake defenda ikapaki mlangoni kwa dada yangu, nikapandishwa nyuma na ndala zangu, mtoto anaangalia na kulia. Dada bado kaninunia, anasema mtaa mzima uliamini nauza gongo.

Mahabusu nililala nikaamka, hiyo siyo hasara. Hasara ilikuja na ripoti. Mahakama inamwagiza afisa ustawi wa jamii achunguze: anafika nyumbani kwako na kwa mwenzako, anaongea na majirani, walimu, na mtoto mwenyewe. Yangu ikasomwa nimekaa pale kwenye benchi: mtoto ameomba ahamishwe kutoka dawati la karibu na mlango, kwa sababu bibi akija tena, polisi nao watakuja tena. Nilikuwa na kadi ya kliniki, nina risiti za ada tangu chekechea, nina majirani wa kunitetea. Wakili wa mkwe wala hakujisumbua navyo. Alisimama akasema "alimtorosha", akakaa, akasimama tena akasema "alimtorosha".

Na sheria ilikuwa imenifungulia mlango! Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 37, haiishii kwa mzazi. Mlezi au ndugu anayemlea mtoto naye anaweza kuomba mahakama imkabidhi malezi. Cha 38 kinaruhusu ndugu aliyekuwa akimlea aombe walau kuonana naye kwa vipindi. Cha 39 kinamtaka hakimu atazame maslahi ya mtoto, umri wake, maoni yake kama kayatoa bila kushurutishwa, ndugu zake wasitenganishwe, na mwendelezo wa malezi. Mwendelezo! Ndiyo ilikuwa karata yangu, miaka yote ile ya homa za usiku na daftari za hesabu, nikaichana kwa mikono yangu. Maana kifungu kinachofuata, cha 40, kinakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mtu anayekaa naye kihalali. Na baba aliye hai ndiye huyo mtu, umpende usimpende. Mimi simpendi.

Kwa hiyo karatasi kwanza, mtoto baadaye. Jumatatu uwe ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na cheti cha kifo cha binti yako, kadi ya kliniki, risiti, barua ya mtendaji inayosema mtoto alikuwa akiishi kwako. Watamwita mkwe mkae mezani. Akigoma, unakwenda mahakama ya watoto na maombi na kiapo, na omba amri ya muda ya kumwona mtoto wakati shauri linaendelea. Ila usikae ukalia hadi mwakani. Kila muhula anaomaliza kule, huo mwendelezo unahamia kwao.

Na hao wanaobishana kama mtoto ni wa ukoo wa baba au wa mama, wapelekeni kwenye kikao cha mahari. Hakimu wangu hakuuliza ukoo, aliuliza mtoto analala wapi na nani anampeleka hospitali.

Mimi nilipewa nusu ya likizo na simu za Jumapili. Malezi kapewa baba.

Uliuliza pia kuhusu kudai matumizi ya miaka uliyomlea, na kitu kuhusu cheti cha kuzaliwa, huko sikufika, nilikuwa na moto mwingine wa kuzima. Wenye kujua wamjibu. Na kama huyo mtu wako umeshampa advansi, isamehe tu.