Kupima dawa ya kuzuia maji kwenye mbao za nje

Mkuu, hiyo njia ya kupima kwa kumwagia maji ukaona yanajikusanya matone juu ya mbao haikwambii kama ile dawa ya kuzuia maji inafanya kazi, inakuonyesha uso tu. Chukua ubao mmoja wa paini uliotiwa dawa ya wadudu, uwe umekauka kabisa, maana mbao nyingi hapa Dar zinauzwa bado mbichi na ukipaka hapo unapoteza hela, ukate vipande vinavyolingana, vingine upake dawa ya kuzuia maji, kila kipande aina yake, pande zote mpaka kwenye ncha na kimoja ukiache hivyohivyo. Pima uzito kwa mizani ya jikoni, zamisha nusu saa, futa, pima tena. Tofauti ya gramu ndo jibu lako, kilichoongezeka kidogo ndo kimezuia maji. Zile ncha zilizokatwa usizisahau, maji yanaingia huko kwa kasi kuliko ubavuni. Kisha vianike juani, vipigwe na masika, ukavipime upya, hapo ndo utajua dawa ipi ya ukweli, nyingine zinang'aa mwanzoni tu. Na kama ni zile mbao za kijani zenye sumu ya aseniki, mabaki usichomee jikoni aisee.