Futa jina la wimbo kwenye hiyo skripti kabla hujamtumia mtu

Dada uliyeuliza kama uandike majina ya nyimbo kwenye skripti yako ya harusi ya Bagamoyo: FUTA. Hilo jina la wimbo sini ya 14 lifute leo leo, mengine baadae.

Naona wenzangu hapo juu wanakwambia "andika tu, ni maono yako". Maono! Mi hayo maono yalikula pesa ya kuezekea banda la uani, mpaka leo lina turubai na mke wangu kila mvua ikinyesha ananiita dairekta.

Stori yangu ilikuwa ya Ngamiani hapa Tanga, wake wenza wawili kwenye shughuli ya harusi, kilele chote nikakibebesha wimbo mmoja wa taarab ya zamani, jina nikaliandika na beti nikazinakili. Wajuzi wa taarab mnajua mambo yanavyokwenda, mtu hatukani, anasubiri ubeti wake ufike ndo anainuka taratiiibu na noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji huku jicho liko kwa mwenzie. Sasa bi mkubwa anainuka kwenye mstari huo na bi mdogo anamjibu kwa mstari unaofuata, yani ukiuondoa wimbo hakuna mazungumzo tena, una wanawake wawili wanapunga noti kama makonda wanaogombea abiria.

Aliyenipoteza ni jamaa mmoja alikuja kutupa semina, miwani ya jua kaivaa humo humo ukumbini, akasema wimbo chini ya sekunde 30 ni bure, na mwandishi asijibane, mambo ya ruhusa ni ya prodyuza. Prodyuza mwenyewe si ndo mimi! Itafute hiyo ruhusa ya sekunde 30 kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, huioni, mi nimeisoma baadae kwa hasira. Na ada ya semina alichukua taslimu.

Tukashuti spika inapiga wimbo wenyewe pale pale, waigizaji wanaongea juu yake. Kwenye kuedit huwezi kuuvua wimbo ukabakiza maneno ya watu, vishalowana. Tamasha la filamu tuliloomba likataka karatasi ya ruhusa ya muziki. Kuzunguka ndo najua wimbo mmoja una wenyewe wa aina mbili, mwenye utunzi na mwenye ile rekodi. Mtunzi kashafariki, lakini kwetu haki inaendelea miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo ni warithi, na warithi hawasalimiani. Kwenye rekodi kila ninayemuuliza ananisukumia kwa mwingine. Na usije ukadhani leseni ya kupigia muziki ukumbini inakuokoa, hiyo ni habari nyingine kabisa na kuupachika wimbo kwenye picha.

Tukarudia sini nzima: ukumbi upya, mapambo upya, pilau upya (wageni waalikwa wa filamu hawaji bila pilau, huo ndo ukweli), na bi mdogo kipindi hicho kashajifungua, gauni halifungi zipu, ikabidi tumpige picha kwa mbele tu.

Andika wimbo unafanya nini, basi. "Taarab ya taratibu, ganuni (ile ala ya nyuzi) inatangulia, mwimbaji mwanamke mtu mzima, ubeti unamsema mke mwenza." Hata asiyeijua taarab kaelewa, wakati jina tupu kwa asiyeujua wimbo halimwambii kitu. Ile miziki ya chini chini ya kulizia watazamaji wala usiiguse kwenye skripti, mwachie dairekta. Jina utaliandika siku barua zote mbili za ruhusa, ya utunzi na ya rekodi, ziko kwenye faili. Na atakayekuletea habari za Hollywood mwambie kule kuna mtu analipwa mshahara kazi yake kufukuzia ruhusa za nyimbo, sisi tuna shemeji mwenye bodaboda.

We uko Bagamoyo mama, TaSUBa, chuo cha sanaa, ni pua na mdomo. Tafuta mpiga ganuni na wa fidla, wape sini waisome, wakutungie ubeti mpya, mwandikishiane kuwa mtunzi karuhusu na rekodi ni ya filamu, walipe chao. Siku ya kushuti waigizaji wausikie kwanza wapate mwendo, wakianza kuongea spika izimwe. Hiyo karatasi ukikwama njoo inbox nikupe yangu ya sasa, ina kurasa nyingi kuliko skripti.