Nilienda shuleni kugomba, nikaulizwa kuhusu alama za mgongoni

Wiki jana dada mmoja wa Nyalenda, Kisumu, aliniandikia saa tano usiku. Kijana wake wa Gredi ya 3 amemuuma mwenzake mkono. Shule imemwita mara tatu, na mara ya mwisho mwalimu akamwambia mbele ya wazazi wengine kwamba mambo yasipobadilika, atapeleka jina lake kwa afisa wa watoto. Swali lake lilikuwa fupi: "Nimhamishe?"

Nilisoma ule ujumbe mara mbili, nikaiweka simu mezani. Jibu ninalo, ila linaanzia mahali ambapo sijawahi kupasema, hata kwa dada zangu wa damu.

Miaka miwili iliyopita, kijana wangu akiwa Gredi ya 4 hapa Nakuru, alirudi nyumbani Rhonda akitembea kama aliyekanyaga mwiba. Nikamwambia avue viatu aoge. Nyuma ya miguu, juu kidogo ya kifundo, kulikuwa na mistari mitatu imevimba, mmoja umepasuka hadi soksi ikagandia. Mwalimu alikuwa amemchapa kwa kipande cha mpira wa maji, ule mweusi mgumu. Kosa lake ni kwamba alimsukuma mtoto wa Gredi ya 2 kwenye foleni ya uji, na alipoulizwa sababu akanyamaza.

Usiku huo sikulala. Nilijua kiboko kilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, nikaingia kwenye simu kutafuta silaha zaidi, na nikazipata. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36: mwanafunzi haadhibiwi kwa kupigwa wala hateswi kiakili, na anayevunja hilo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Nikaikariri kama sala. Asubuhi nikamwachia jirani meza yangu ya nguo pale Top Market, nikavaa rinda la kanisani (nataka mjue nilivyojiandaa) na kupanda boda.

Ofisini sikupita. Nilienda moja kwa moja darasani, nikamtoa mwalimu nje na kumwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mlango ukiwa wazi na watoto hamsini na kitu wakinitazama. Kijana wangu alikuwa dawati la tatu. Alilaza uso juu ya mikono. Nilidhani ni uchungu wa miguu.

Mwalimu mkuu, mama mfupi asiyepandisha sauti, akaja akanishika kiwiko. "Mzazi, twende ofisini." Nikamfuata huku nafoka. Akanipa kiti nikakataa. Nikamsomea kifungu cha 36 chote nikiwa nimesimama, naye akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ni kweli. Mwalimu amekosea, na nitaliandika," akasema. Kisha akavuta droo na kutoa daftari la mawasiliano la kijana wangu. Wino mwekundu, kurasa tatu. Mzazi aje shuleni. Mzazi aje shuleni. Mzazi aje tafadhali. Ile ya kwanza niliiona, lakini ilikuwa siku ya kufungua mtumba, na siku hiyo usipokuwepo unabaki na makapi. Ya pili niliitia sahihi bila kuisoma. Ya tatu sikumbuki.

"Alama za miguuni ni zetu, mzazi," akasema. "Na za mgongoni?"

Mwalimu wa michezo alikuwa ameziona kijana alipokuwa akibadilisha shati.

Siku kumi kabla ya hapo, shilingi 200 zilikuwa zimekosekana kwenye kibeti changu. Nilimuuliza, akasema hajui. Baadaye akasema alinunua mandazi, halafu akawa hasemi kitu. Nikamchapa kwa waya wa chaja. Mara ngapi, sikuhesabu. Na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale na rinda la kanisani nikisoma sheria. Hiyo sheria ya shule ni ya shule, nilijiambia baadaye, lakini hata hapo sikupata pa kujificha. Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinamkinga kila mtu na ukatili wa namna yoyote, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Mtu binafsi ndiye mimi.

Afisa wa watoto alikuwa ameshapigiwa simu kabla hata sijafika. Nilimchukia yule mwalimu mkuu kwa hilo, na sitadanganya, bado panauma kidogo. Mchana gari la serikali, lenye namba za GK, likasimama nje ya ploti yetu wakati wanawake wote wako kwenye kamba za nguo. Kwa mwezi mzima nikifika bombani mazungumzo yanakatika. Kuna jirani mmoja mpaka leo ananisalimia kama anayemsalimia askari.

Afisa alizungumza na kijana peke yake ndani ya nyumba, dakika arobaini, mimi nikiwa nje nimekalia mtungi wa maji. Alichoambiwa na kijana ndicho ambacho mimi niliyemzaa sikuambiwa. Nyuma ya posho mili kuna njia ya mkato, na wavulana watatu wa madarasa ya juu walikuwa wakimsubiri hapo. Kupita ni shilingi 50. Siku nne, shilingi 200. Pesa zilipokwisha wakaanza kumpiga, naye akaanza kusukuma wadogo kwenye foleni. Mimi niliuliza pesa zimeenda wapi, ndiyo, lakini niliuliza waya ukiwa mkononi. Mwalimu naye aliuliza ameshika mpira.

Yaliyofuata ni barua, vikao na kukaa kwenye benchi, nayaruka. Wazazi wa wale wavulana waliitwa, mwalimu akaandikiwa, kijana akahamishiwa darasa la jirani. Mwalimu hajaniomba msamaha, nami sijamwomba kwa yale ya darasani. Tukikutana stejini kila mmoja anatazama matatu.

Sasa, dada yangu wa Nyalenda. Ukiitwa, nenda mara ya kwanza. Wewe wameshakuita mara tatu, basi nenda kesho kutwa, Jumatatu, usingoje ya nne. Pitia ofisini, darasani usikanyage. Uliza kwanza nini kilitokea kabla ya mtoto kuuma, wapi, na nani alikuwepo. Andika tarehe. Mimi sikuandika, na kwenye kikao kila mtu alikuwa na tarehe isipokuwa mimi.

Kuhusu kuhama, na mimi nilifikiria. Nilishauliza hata bei ya yunifomu mpya. Lakini njia ya mkato ya posho mili inapita karibu na kwetu, si karibu na shule. Ningemhamisha na wale wavulana wangemngoja palepale.

Ukikuta mtoto amechapwa, piga picha, mpeleke kituo cha afya waandike, kisha muandikie mwalimu mkuu na nakala kwa bodi ya shule. Wakinyamaza kuna ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na kama mwalimu ameajiriwa na TSC, ile tume ya walimu, huko nako wanapokea malalamiko. Hayo yote ni haki yako. Lakini kabla hujatoka nyumbani, mvue shati mtoto wako uone utakachoulizwa.

Na afisa wa watoto usimwogope kama laana. Huyo wangu aliniachia namba ya msaada kwa watoto, 116, haikatwi pesa, mtoto anaweza kupiga na mzazi pia. Nimeiandika kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Niliipiga mara moja, usiku, kijana akiwa amelala, kwa sababu yangu mimi.

Wazazi wenzangu, tukikutana kwenye matanga tunapenda kusimuliana jinsi tulivyochapwa na tukacheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa wa kucheka kwa sauti. Halafu tunaenda shuleni kupiga kelele kwamba walimu ni wakatili. Nenda mara ya kwanza wakikuita. Nimeshasema, najua, nasema tena, kwa sababu zile jumbe zangu tatu zilikuwa kwa wino mwekundu na bado sikuenda.

Dada, Jumatatu ukitoka ofisini niandikie kabla hujapanda boda. Nitakuwa sokoni lakini simu nitashika. Mtumba wa suruali tunafungua Jumanne.